Nyuso Nne za Mwamba: Uchambuzi wa Handaki la Kilele, Sierra Nevada, 1866–1867

Kisa hiki kinahusu kipande kifupi cha reli ya kwanza kuvuka bara la Amerika Kaskazini: handaki la futi 1,659, yaani mita 506 hivi, lililopasuliwa ndani ya jiwe la matale juu ya safu ya Sierra Nevada, California. Treni zililipita kwa dakika chache tu, lakini nusura likwamishe kampuni nzima kwa miaka miwili. Mahali, kampuni na miaka tumeviacha wazi kwa kuwa vimo katika historia. Watu tumewataja kwa kazi zao. Kwa wapasua mawe wenyewe hatukuwa na jina la kuficha, maana majina yao mengi hayakuandikwa popote.

## Usuli

Sheria ya Reli ya Pasifiki ilitiwa saini na Rais Lincoln tarehe 1 Julai 1862. Iliipa kazi kampuni mbili. Union Pacific ilianzia Omaha, kando ya mto Missouri, ikaelekea magharibi. Central Pacific ilianzia Sacramento ikaelekea mashariki. Serikali ilizikopesha kwa hati fungani kulingana na maili zilizokamilika: dola 16,000 kwa maili ya tambarare, 32,000 kwa maili ya nyanda kavu zilizo kati ya safu za milima, na 48,000 kwa maili ya mlimani. Juu ya hapo kulikuwa na ruzuku ya ardhi pande zote mbili za njia. Mwaka 1866 sheria ilirekebishwa, na Central Pacific ikaruhusiwa kuendelea mashariki mpaka itakapokutana na mwenzake. Kuanzia hapo kila maili ambayo kampuni moja haikuiwahi ilikuwa ya mwenzake.

Mwenzake alikuwa na nyika tambarare ya Nebraska ya kuanzia. Central Pacific ilianza na mlima. Kutoka Sacramento, karibu na usawa wa bahari, njia ilipaswa kupanda zaidi ya futi 7,000 ndani ya maili 105 hivi, na mpando wake haukuruhusiwa kuzidi futi 116 kwa maili moja, sawa na mita 22 kwa kila kilomita. Mpimaji aliyeipata njia hiyo alifariki Novemba 1863, kabla taruma hata moja halijalazwa mlimani. Reli, vichwa vya treni, skrubu na misumari vilitoka pwani ya mashariki kwa meli, ama kwa kuzunguka Cape Horn ama kwa kupitia Panama. Kitu kilichovunjika leo kiliweza kuchukua miezi kupata mbadala.

Kulikuwa pia na uhaba wa watu. Wazungu walioajiriwa walikuwa wakipanda mpaka mwisho wa reli kwa nauli ya kampuni, kisha wanaingia mitini kwenda kwenye migodi ya fedha ya Nevada. Mwaka 1865 kampuni ilianza kuajiri Wachina, awali kikundi cha watu 50 kwa majaribio. Miaka miwili baadaye walikuwa wengi wa nguvukazi yote, maelfu kwa maelfu, karibu wote kutoka Guangdong.

Mwisho wa Novemba 1866 reli zilikuwa zimefika Cisco, maili 92 kutoka Sacramento, kwenye kimo cha futi 5,900 hivi. Mbele yake kulikuwa na mahandaki. Safu nzima ilihitaji mahandaki 15 yenye jumla ya futi 6,213, na zaidi ya robo ya urefu huo ilikuwa ndani ya handaki moja, Namba 6, lililo kileleni kabisa.

## Tatizo lenyewe

Mtu asiyezoea kazi ya miamba hudhani handaki likichelewa dawa ni kuongeza watu. Handaki hili lilikuwa na upana wa futi 16 na kimo cha futi 19 katikati ya tao. Walichimba kwanza sehemu ya juu, chini ya tao, kisha wakafuata na ngazi ya chini nyuma yake. Ile sehemu ya juu ndiyo inayoamua mwendo wa kazi yote, na mbele yake zinaenea timu chache tu za watu watatu watatu: mmoja ameshika moko, yaani fimbo ya chuma ya kutobolea mwamba, wawili wanapiga nyundo kwa zamu. Kila baada ya pigo mshika moko anauzungusha kidogo ili ncha isinase na tobo litoke la mviringo. Ukileta timu nyingine, nyundo zitagongana. Kampuni iliyoajiri watu elfu kumi ilikuwa ikisubiri watu wasiotimia hata thelathini.

Jiwe nalo lilikuwa gumu kupita kiasi. Kwa baruti nyeusi, wastani wa mwendo kwenye sehemu ya juu ulikuwa futi 1.18 kwa siku kwa kila uso, yaani kila ukuta wa mwamba unaochimbwa; ni sentimita 36 hivi. Kuna siku baruti ilishindwa kupasua jiwe ikatoka mdomoni mwa tobo kama risasi ya mzinga, na kazi ya kuchoronga ya saa nyingi ikapotea.

Tufanye hesabu waliyokuwa nayo wahandisi mezani. Futi 1,659 zikichimbwa kutoka pande mbili, futi 1.18 kila upande, ni siku 703. Wakianza majira ya kupukutika ya 1866 wangetokea upande wa pili katika nusu ya pili ya 1868, na bado ngazi ya chini haijasafishwa wala taruma halijalazwa. Na kila mwezi wa kuchelewa ungeipa Union Pacific maili zaidi.

## Mfuatano wa matukio

### Shimo la katikati

Mwishoni mwa Agosti 1866 kazi ilianza juu ya mlima, katikati ya mstari wa handaki. Walichimba shimo la wima lenye vipimo vya futi 8 kwa 12, kwenda chini futi 73. Juu yake walijenga nyumba ya mbao, na ndani ya nyumba wakafunga winchi ya mvuke ya kupandishia kifusi. Mtambo wake ulikuwa kichwa cha treni kikuukuu kilichoondolewa magurudumu, kikaburutwa mlimani na mafahali.

Shimo lilikwenda polepole kuliko kitu kingine chochote katika mradi, chini ya futi moja kwa siku, kwa sababu kila jiwe lililovunjwa lilipaswa kupandishwa kwa kamba, na maji hutulia pale pale chini penye wachimbaji. Lilifika kwenye kimo cha handaki tarehe 19 Desemba 1866. Siku iliyofuata kulikuwa na nyuso nne badala ya mbili: moja kutoka magharibi, moja kutoka mashariki, na mbili zikitoka chini ya shimo kwenda pande zote.

### Theluji

Majira yale ya baridi yalihesabiwa dhoruba 44. Nyingine zilikuwa za saa chache. Ile iliyoanza 18 Februari 1867 ilimwaga futi 6 za theluji kwa siku nne, na kufikia 2 Machi jumla ilikuwa futi 10. Milango ya handaki ilifukiwa. Wafanyakazi walichimba vijia ndani ya theluji kutoka kwenye mabanda ya kulala mpaka mdomo wa handaki, vingine vya urefu wa futi 50, kimoja cha futi 500, na kwa wiki kadhaa walikwenda kazini na kurudi bila kuona anga. Kifusi nacho kilitolewa kwa njia hizo hizo na kumwagwa bondeni.

Ndani ya mwamba baridi haikuwa tatizo kubwa, na kazi iliendelea usiku na mchana kwa zamu. Hatari ilikuwa nje. Maporomoko ya theluji yaliangukia kambi, na zaidi ya mara moja yalizika mabanda pamoja na waliokuwa wamelala ndani. Miili mingine ilipatikana theluji ilipoyeyuka.

### Mafuta ya mlipuko

Tarehe 9 Februari 1867 handaki lilianza kutumia nitrogliserini. Huo ulikuwa uamuzi wa kuogofya. Aprili ya mwaka uliotangulia meli yenye shehena ya kimiminika hicho ililipuka bandarini Panama, na siku chache baadaye kreti moja ikalipuka katika ofisi ya wasafirishaji mjini San Francisco na kuua watu kadhaa. California ilizuia kuisafirisha. Kampuni ikapita pembeni mwa zuio: ilimpandisha mkemia mlimani na kumjengea kibanda mbali na kambi. Viambato vilipanda mlima vikiwa vimetengana, gliserini mbali, asidi za nitriki na salfuriki mbali, na vilichanganywa pale pale kwa kiasi cha kazi iliyopo. Gharama ilikuwa senti 75 hivi kwa pauni.

Inafaa kueleza kwa nini ilifaa jiwe hili. Baruti nyeusi huungua kwa kasi na kusukuma. Jiwe lenye nyufa husukumika, ila matale yasiyo na ufa hayana pa kusogea, hivyo nguvu inarudi kwenye njia nyepesi, ambayo ni tobo lenyewe. Nitrogliserini haiungui hivyo. Inapasuka yote kwa mpigo, na wimbi lake linavunja jiwe kabla gesi haijapata nafasi ya kutoroka. Kwa sababu hiyo matundu yaliweza kuwa membamba zaidi. Tobo jembamba ni nyundo chache, na nyundo ndizo zilizokuwa zinakula muda. Halafu ilikuwa na moshi kidogo mno. Baada ya baruti nyeusi, zamu ilikaa ikisubiri hewa isafike. Baada ya nitrogliserini walirudi mapema, ingawa mvuke wake una tabia ya kuwapa watu maumivu makali ya kichwa.

Wastani wa sehemu ya juu ulipanda kutoka futi 1.18 mpaka 1.82 kwa siku. Kwenye ngazi ya chini, ambako kuna nafasi na uso wa wazi wa kulipulia, ulipanda kutoka 2.51 mpaka 4.38.

### Vichwa vya treni juu ya theluji

Wakati nyuso nne zikitafunwa, kampuni ilifanya jambo lililoonekana kama wazimu. Ilipakia vichwa vitatu vya treni, mabehewa 40 na chuma cha kutosha maili 40 za njia, ikavivusha kilele kizima kutoka Cisco kwa sleji na magogo, vikivutwa na mafahali. Upande wa pili, katika bonde la mto Truckee, watu walikuwa wameshaanza kutandaza tuta. Desemba 1867 reli za bonde hilo zilifika mpaka wa Nevada, hali ya kuwa hakuna treni hata moja iliyokuwa imetoka Sacramento mpaka huko.

### Mgomo

Tarehe 25 Juni 1867, katikati ya majira mafupi ya joto yaliyokuwa na thamani kuliko dhahabu, Wachina wapatao 3,000 waliokuwa wametapakaa kati ya Cisco na Truckee waliweka zana chini kwa pamoja. Kampuni ilikuwa imewapandishia mshahara muda mfupi kabla, kutoka dola 31 mpaka 35 kwa mwezi, na chakula wanajinunulia. Wazungu walikuwa wakilipwa fedha kama hizo, pamoja na chakula na malazi. Wagomaji walitaka dola 40, saa 10 kwa siku kwa wanaofanya kazi nje badala ya 11, na saa 8 kwa walio ndani ya mahandaki.

Hapakuwa na vurugu. Mkurugenzi wa ujenzi aliamuru chakula kisipelekwe kambini. Baada ya kama wiki moja watu walirudi kazini bila kupewa walichodai.

### Kukutana

Mwezi Agosti 1867 nyuso zilikutana. Mistari ya katikati ilitofautiana kwa inchi 2 tu. Ngazi ya chini ikamaliziwa, reli zikalazwa, na 30 Novemba 1867 treni ya kwanza ikapita. Kilibaki kipande cha maili 7 upande wa mashariki, ambacho theluji ilikizuia mpaka mwaka uliofuata. Kiliunganishwa Juni 1868.

## Maamuzi na sababu zake

Shimo la katikati lilikuwa la gharama kubwa na kwa miezi minne halikuongeza hata futi moja ya handaki. Mhasibu angeliona kama hasara tupu. Lakini likifika chini, mwendo unaongezeka maradufu kwa siku zote zinazobaki: nyuso nne kwa futi 1.18 ni siku 351 badala ya 703. Waliliweka karibu na katikati kwa sababu shimo lililo pembeni huacha uso mmoja ukimaliza mapema na mwingine ukihangaika peke yake.

Nitrogliserini ilikuja baadaye, shimo likiwa limeshafika chini. Mpangilio huo ulikuwa na maana, hata kama haukuwa wa makusudi yote. Njia mpya ya kulipua inafaidisha kila uso ulio nao, hivyo ukiwa na nyuso nne faida ni mara nne. Nyuso nne kwa futi 1.82 ni futi 7.28 kwa siku.

Kuna uamuzi mmoja wa kukataa ambao mara nyingi hausemwi. Mmoja wa wakurugenzi alitaka moko za mvuke zijaribiwe. Msimamizi mkuu wa ujenzi, mtu aliyekuwa amepoteza jicho kwa baruti mwaka 1864 na hakuwa mwepesi wa kupokea mapya, aligoma. Hoja yake ilikuwa kwamba mvuke uliopo ni wa winchi, na winchi ikisimama, nyuso mbili za ndani zinasimama. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Kwa hesabu za kilele kile, kwa kuni za kile kimo na theluji ile, hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Kusimamisha nusu ya kazi ili kujaribu mashine kwenye robo yake si jambo la kulifanyia haraka. Pale ambapo angeweza kulaumiwa ni kwamba hakuomba boila ya pili mapema, wakati njia ilikuwa bado haijafukiwa.

Kuvusha vichwa vya treni kwa sleji kulitokana na jinsi fedha zilivyolipwa. Hati fungani zilitolewa kwa vipande vilivyokamilika na kukaguliwa. Ndani ya mwamba hakuna kipande kinachokamilika, na wadai hawasubiri. Upande wa mashariki wa kilele, maili zilikuwa rahisi zaidi kujengwa, na kila maili iliyojengwa huko wakati handaki likichimbwa ilikuwa maili ambayo haikulazimika kujengwa baadaye.

## Matokeo

Mahesabu ya awali ya siku 703 yaligeuka kuwa takriban mwaka mmoja. Mtu anaweza kuyapima upya bila nyaraka nyingi: nyuso mbili za nje kuanzia majira ya kupukutika mpaka 19 Desemba, nyuso nne kwa baruti nyeusi mpaka 9 Februari, kisha nyuso nne kwa nitrogliserini. Inakupeleka mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti 1867, karibu pale pale zilipokutana kweli. Namba za wastani zilizoandikwa na wahandisi wa pale, kwa hiyo, ni za kuaminika.

Baada ya Juni 1868 kampuni ilikimbia jangwani. Tarehe 28 Aprili 1869 ililaza zaidi ya maili 10 za reli kwa siku moja. Tarehe 10 Mei 1869 kampuni mbili zilikutana Promontory Summit, Utah. Central Pacific ilikuwa imejenga maili 690, Union Pacific 1,086. Handaki Namba 6 lilitumika mpaka 1993, reli zilipong'olewa na treni kuachiwa handaki jingine refu lililochimbwa kusini kwake miaka ya 1920. Leo watu hupita ndani kwa miguu, na ukiweka tochi ubavuni mwa ukuta utaona nusu za matundu ya moko, mifereji mifupi iliyonyooka, ikiwa bado mikali kwenye jiwe.

## Uchambuzi

### Kilichofanya kazi

Jambo la kwanza ni kutambua mahali kazi ilipobanwa. Menejimenti nyingi zingeendelea kuongeza watu mlangoni. Hawa walijiuliza ni nyuso ngapi zipo, na wakalipa miezi minne ya kuchimba kwenda chini ili wapate mbili zaidi.

Jambo la pili ni upimaji. Mstari wa handaki hushushwa ndani ya shimo kwa timazi mbili zinazoning'inia kutoka juu, na umbali kati ya timazi hizo hauwezi kuzidi upana wa shimo. Tuseme ziko futi 10. Kosa la moja ya nane ya inchi kati yake, likiendelezwa futi 800 mbele, linakuwa inchi 10. Kukutana kwa tofauti ya inchi 2 kunasema jinsi walivyosubiri kamba zitulie, jinsi walivyozikinga na upepo na matone ya maji, na mara ngapi walirudia. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi ambayo mhandisi wa leo, mwenye vifaa vya leza, angepaswa kuiangalia kwa heshima zaidi.

La tatu ni kutoacha kazi zote zifungwe na kizuizi kimoja. Wajenzi wa Reli ya Uganda walifanya jambo la jamii hiyo hiyo kwenye ukingo wa Kikuyu miaka thelathini baadaye: wakati njia ya kudumu ikijengwa kwenye miteremko, waliteremsha mabehewa na vifaa mpaka chini ya Bonde la Ufa kwa kamba za chuma, ili ulazaji wa reli usisimame. Njia za muda ni ghali na huachwa baadaye. Bei yake ilinganishwe na gharama ya maelfu ya watu kukaa bure.

La nne halitajwi sana kwenye maandiko ya uhandisi: mpangilio wa maisha ya makundi ya Kichina. Kila kundi la watu 12 mpaka 20 lilikuwa na kiongozi na mpishi wake. Walikula mchele, samaki na chaza waliokaushwa, mboga, nyama ya nguruwe. Walikunywa chai, iliyobebwa kazini ndani ya vikebe vya baruti vilivyokwisha, viwili kwenye mti mmoja begani. Chai ni maji yaliyochemka. Makundi mengine yalikunywa maji ya vijito vilivyopita kambini na yakaugua matumbo. Kampuni haikubuni mpangilio huu wala haikuugharamia. Iliupokea tu, na faida ikaenda kwenye hesabu zake.

### Kilichoshindikana

Kambi ziliwekwa mahali pa karibu na kazi badala ya mahali pasipoporomokewa. Baada ya poromoko la kwanza miteremko ya hatari ilikuwa imeshajulikana. Kuhamisha mabanda kungegharimu mwendo mrefu zaidi ndani ya vijia vya theluji kila zamu, na hilo halikulipwa.

Theluji yenyewe ilichukuliwa kama adha ya ujenzi tu. Baada ya majira mawili ya baridi ndipo kampuni ilipokubali kwamba hata njia ikikamilika haitapitika bila paa. Mapaa ya mbao yalijaribiwa 1867 na kujengwa kwa wingi 1868 na 1869, mpaka yakafika maili 37 hivi. Yalikula futi milioni 65 za mbao na tani 900 za bolti na misumari, kwa zaidi ya dola milioni 2. Na mapaa makavu juu ya injini zinazotema cheche yana shida yake: kampuni ililazimika kuweka treni za kuzimia moto zikiwa na mvuke tayari muda wote wa kiangazi.

Nitrogliserini ilitumika bila utaratibu wa wazi kuhusu matobo yaliyogoma kulipuka. Kimiminika hiki huganda kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na mlimani wakati wa baridi nyuzi 13 ni joto la kujivunia. Tobo lililogandiana ndani huweza kugoma, likabaki kimya, kisha moko wa zamu inayofuata ukaligusa. Kanuni ya msingi, ambayo leo anayeshika moko yeyote anaijua, ni kutotoboa kamwe ndani ya tobo la zamani wala karibu nalo, na zamu inayotoka kuikabidhi zamu inayoingia hesabu ya matobo yaliyojazwa na yaliyolipuka.

Mgomo wa Juni ulimalizwa kwa njaa, na kwa mtazamo wa ratiba ulimalizwa vizuri. Angalia hata hivyo walichodai. Saa 8 handakini lilikuwa ombi la kazi iliyopangwa vizuri: mpiga nyundo wa saa ya tisa hupiga vibaya, na anayeshika moko ndiye anayepigwa. Kampuni ilikuwa na namba za mwendo wa kila uso kwa kila wiki, na ingeweza kulijaribu ombi hilo kwenye uso mmoja kwa mwezi mmoja. Haikujaribu.

Lililobaki ni la madaftari. Wahandisi waliandika mwendo wa mwamba kwa desimali mbili. Kwenye orodha za malipo, kundi zima la Wachina liliingia kwa jina la kiongozi wake, naye ndiye aliyepokea fedha na kugawa. Daftari la vifo halikuwepo. Kwa hiyo hakuna awezaye kulinganisha idadi ya waliokufa kwa baruti nyeusi na waliokufa kwa nitrogliserini, jambo ambalo wajenzi wa mahandaki yaliyofuata wangelihitaji kuliko takwimu nyingine yoyote. Mwaka 1870 gazeti moja la Sacramento liliandika kuhusu treni iliyopita na mifupa ya Wachina ikirudishwa nyumbani kuzikwa, pauni 20,000 hivi, likakadiria ni ya watu 1,200. Makadirio mengine ya waliokufa katika ujenzi huu yanaanzia makumi.